Pua ya Maikrowevu

Mimi sipendi kuambiwa na mtu kwamba nimekosea, sembuse na sanduku. Nimeishi Kilwa Masoko tangu nilipoolewa, nimepika pilau za harusi za mtaa mzima, na hajatokea wa kusimama jikoni kwangu akaninyooshea kidole. Halafu Ijumaa ile asubuhi, lile sanduku la maikrowevu lililokaa juu ya meza yangu likapiga kelele, pii pii pii, likaniandikia kwa taa nyekundu: E3. Bila hodi wala salamu. E3.

Nikalizima, nikaliwasha, nikabonyeza tena kile kitufe chenye picha ya samaki. Likazunguka, likazunguka weee, likaniandikia E3. Nikalipiga kofi. Ndiyo, nililipiga, na ningelirudia, ila mkono uliniuma.

Msinione mkali bure. Mngejua nini kilikuwa kinalitegemea sanduku lile, na nyinyi mngelizaba.

Mwanangu Shaaban yuko Dar es Salaam, ana kazi ya ofisini, ana mke, ana nyumba yenye geti. Kabla ya Ramadhani kibanda changu cha jiko kiliungua. Kiliungua kidogo tu: paa, kuta mbili, na mlango. Nilikuwa nimeteleka maharage kwenye jiko la mkaa, nikakaa barazani nachambua mchele, kibanda nimekipa mgongo. Maharage yakakauka, yakaungua, kanga niliyoianika karibu ikashika moto, makuti nayo yakafuata. Aliyepiga kelele ni jirani yangu Warda, tena alikuwa kitandani kwake, ng'ambo ya ua, anaumwa kichwa. "Mwanahija! Mwanahija, kwako kunaungua!" Mimi niliyekuwa nimekaa pale pale, sina habari.

Shaaban akaja mbio. Akazunguka yale majivu, akanishika mkono kama mtu anayempeleka mgonjwa chooni, akasema, "Mama, umeanza kusahau."

Neno hilo linaniuma mpaka leo. Mama yangu mzazi alianza hivyo hivyo. Kwanza alisahau sufuria motoni, kisha majina, mwisho akawa ananiita mimi dada yake na kuniuliza nyumba ile ni ya nani. Nilimuuguza mwenyewe mpaka alipotangulia mbele ya haki. Kwa hiyo Shaaban aliposema vile nilimfokea, nikamwambia upepo ndio ulioleta moto, lakini moyoni niliogopa. Niliogopa sana, wala sikumwambia mtu. Nikawa kila nikiegama nayataja majina ya wajukuu zangu, mmoja mmoja, nione kama yapo yote.

Alitaka kunichukua siku ile ile. Nikasema ng'o! Niende Dar nikakae nyuma ya geti natazama televisheni, mkwe wangu ananipikia wali wenye kiini? Nyumba hii alinijengea marehemu Mfaume, mume wangu, kwa kushona nguo za watu miaka nenda miaka rudi. Sitoki humu ila kwa jeneza. Tukavutana, mama na mwana, mpaka tukafikia mapatano. Jiko la mkaa marufuku. Akaleta maikrowevu.

"Hii ina akili yake, mama," alinieleza. "Unaweka samaki, unabonyeza picha ya samaki. Yenyewe inajua akiiva, inazima, inakuita. Wewe huna haja ya kukumbuka chochote." Halafu akaweka sharti. "Nitakuja kukagua. Nikikuta unapika nayo vizuri, utakaa kwako. Nikikuta imeharibika au umerudi kwenye mkaa, tunaondoka wote, na siku hiyo sitaki mjadala."

Basi mwanzoni tulielewana, mimi na sanduku. Samaki akitoka ameiva, viazi vikitoka vimeiva. Wiki za karibuni ndipo likaanza vituko. Naweka samaki aina ya changu, mbichi, natoa ukuni. Naweka muhogo, natoa kitu ambacho mbwa angeomba udhuru. Na Ijumaa hiyo ndiyo likamaliza na E3 yake.

Sijatulia, simu ikalia. Shaaban. "Mama, kesho nakuja. Nimekodi pikapu."

"Pikapu ya nini?"

"Endapo, mama."

"Endapo nini?"

"Endapo tu."

Nilikata simu nikakaa chini. Mtu hakodi pikapu kuja kumsalimia mama yake. Pikapu ni ya kitanda na kabati.

Warda aliingia akanikuta nimejishika kichwa. Warda ni mwenzangu wa siku nyingi, ana moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Akalitazama sanduku kwa mbali, mtandio ameuziba puani kama afanyavyo siku hizi kila aingiapo kwangu.

"Hilo ni jini," akasema.

"Jini gani anayejua kuandika E3?"

"Wa siku hizi wamesoma. Na majini yanapenda ubani, na kwako, mwenzangu, ubani haukatiki. Umemwita, kaja."

"Astaghfirullahi! Ubani nafukiza Alhamisi jioni kama mama zetu walivyofukiza. Leo iwe kosa?"

Akaona nimewaka, akageuza maneno. Akasema kuna fundi Nangurukuru, pale stendi, anaitwa Sixbert, alimtengenezea sabufa yake ikarudi inaunguruma kuliko mwanzo. Akampigia simu pale pale. Kijana akaahidi kesho asubuhi na mapema.

Alifika kwa bodaboda, mkoba begani. Kijana mfupi wa kutoka Mtama, ana bisibisi nyingi na maneno kuzidi bisibisi. "Shikamoo, Bi Mwanahija!" Kabla sijaitikia marahaba, akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akarudi barazani kuvuta hewa.

"Mama, ndani kuna moshi."

"Hakuna moshi. Una mafua wewe, kunywa tangawizi."

Akamtazama Warda. Warda akatazama dari. Nikadhani ni adabu.

Sixbert akaanza kazi kwa kujisifu. Amewatengenezea friji wakubwa ambao hawezi kuwataja. Amefufua feni ya msikiti na kinanda cha kanisa, wiki moja. Akachomeka maikrowevu, akaichomoa, akasema tatizo ni umeme mdogo. Nikamwambia taa inawaka, redio inaimba, feni inazunguka. Akasema basi ni chumvi ya bahari, imeingia kwenye nyaya. Dakika chache baadaye akasema hapana, ni mjusi, mijusi hupenda joto, lazima mmoja amefia ndani. Kila sababu alikuwa na uhakika nayo kabisa mpaka alipohamia nyingine.

"Kijana," nikamwambia, "mwanangu anakuja leo na pikapu. Asipokuta hii inafanya kazi, mimi natolewa kwenye nyumba yangu. Acha mijusi, pima."

Hapo akaacha maneno, akafanya jambo la maana. Akajaza kikombe maji, akakiweka ndani, na badala ya kubonyeza picha akaweka dakika kwa mkono. Maji yakachemka vizuri. Akamwaga, akajaza mengine, safari hii akabonyeza picha. Maji yakachemka. Yakaendelea kuchemka. Yakachemka mpaka yakabaki nusu kikombe, sanduku bado linazunguka tu, halafu pii pii pii, E3.

"Ahaa," akasema, na kwa mara ya kwanza hakujisifu. "Mama, moto inao. Nguvu zake zote zipo. Ila haijui kama chakula kimeiva."

"Haijui vipi na ina akili yake?"

"Ina kitu humu kinaitwa sensa. Ni kama pua. Chakula kikianza kutoa mvuke, pua inasikia, mashine inajua sasa tayari, inazima. Pua isiposikia, itajuaje? Inapika tu. Inapika mpaka inaunguza, mwisho inakata tamaa inaandika E3."

Akaichomoa ukutani, akaanza kufungua bati la nyuma. Alitukataza kusogea, akasema mashine hizi huficha umeme tumboni hata ukiisha kuzichomoa, na kwamba yeye hawezi kulipia jeneza la mtu. Akafanya anayoyajua kwa bisibisi na waya. Kisha akamulika ndani kwa simu, akaingiza kichwa, akanusa. Akanusa tena. Akatoa kichwa akanitazama kwa mshangao.

"Mama, humu mnanukia Pasaka."

"Mnanukia nini?"

"Pasaka. Nilipokuwa mdogo nilitumikia altareni, kazi yangu ilikuwa kukwangua chetezo cha padri. Harufu ni hii hii, na utomvu ni huu huu." Akanionyesha ncha ya bisibisi ina ulimbo wa kahawia. "Pua yote imefunikwa na utomvu wa ubani. Sasa ubani umefikaje humu?"

Niliona swali la kipuuzi. "Umefika kwa chetezo. Mimi ndiye ninayeufikisha."

"Unaweka chetezo ndani ya maikrowevu?"

"Kila Alhamisi. Naichomoa kwanza, mimi si mjinga. Naweka makaa, naweka ubani, naweka chetezo ndani, nafunga mlango uenee vizuri. Warda huyu huyu ndiye aliyekuja siku moja akaniambia sanduku lako linanuka shombo. Mwanamke wa pwani haambiwi mara mbili kwamba kwake kunanuka. Nguo tunafukiza, mitungi tunafukiza, vikombe vya wageni tunafukiza. Hili lina nini lisifukizwe?"

Warda akajishika kiuno. "Si ungeosha kwa sabuni na ndimu, Mwanahija! La kuvunda halina ubani."

"Na ubani wenyewe uko wapi?" nikamjibu, maana hilo lilikuwa limenikaa rohoni siku nyingi. "Tangu mwaka juzi, nilipopona yale mafua makali, mmewahi kuuona ubani wa kweli? Wafanyabiashara wamechakachua kila kitu. Zamani punje moja ilitosha nyumba nzima. Sasa naweka konzi, haunukii. Naweka konzi mbili, haunukii. Karafuu hazinukii, iliki hainukii, hata sabuni ya kuogea haina harufu. Samaki tu ndio wamekuwa bora, siku hizi wote wabichi, hawanuki hata wakilala."

Sixbert akamtazama Warda. Warda, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema neno. Nikadhani nimewashinda kwa hoja.

Fundi akatoa mkobani chupa ya maji ya kunywa, akalowesha pamba, akaanza kusugua ile pua polepole. Akasema lazima iachwe ikauke kabisa kabla ya kufunga. Ndipo niliposikia gari likisimama nje, na mlango wa gari ukifungwa kwa ile haraka ninayoijua tangu yuko darasa la kwanza.

"Hodi!"

Shaaban akaingia, akakohoa, akasimama. Maikrowevu iko tumbo wazi mezani. Bati lake liko sakafuni. Kijana asiyemjua ameshika pamba. Warda anamtazama kwa huruma. Sikuwahi kuona ushahidi uliopangwa vizuri namna ile dhidi ya mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haijaharibika."

"Mama."

"Inasafishwa. Pua tu."

Akavuta kiti akakaa, akafuta uso kwa leso. Alizeeka ghafla mbele yangu. "Mama, mimi sikuja kugombana. Nilisema ikiharibika tunaondoka. Lakini hata kama itapona, nitalala vipi kule? Juzi kibanda. Leo mashine. Kesho nini? Mama, siku moja utasahau mlango wazi. Utasahau njia ya kurudi nyumbani. Bibi tulimwona."

Alimtaja mama yangu. Hilo ndilo nililokuwa najiambia mwenyewe kila siku. Lakini mimi hasira hunitangulia. Nikainuka.

"Nitakuonyesha kama nasahau! Fundi, funga sanduku. Nitabonyeza mwenyewe mbele ya macho yenu. Lete kikombe, lete maji." Nikachukua kikombe, nikachukua ile chupa ya maji iliyokuwa mezani, nikamimina.

"Mama!" Shaaban aliruka akaninyang'anya chupa, ikamwagika mpaka kwenye suruali yake. "Mama, hii ni spiriti!"

"Spiriti gani? Hiyo chupa ya maji."

"Spiriti ya fundi! Ulitaka kuitia motoni utuunguze wote?" Sixbert alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. "Unaona, mama? Unaona sasa ninachokisema? Amesafishia hii mbele ya macho yako, na wewe umeshasahau!"

"Sikusahau kitu! Mimi nilijua anasafishia maji! Ingekuwa spiriti si ningeisikia harufu?"

Shaaban akaitazama chupa, akainusa, akakunja uso wote. Warda aliyekuwa mlangoni akajifuta macho, inamchoma kutoka kule. Shaaban akaileta taratibu mpaka chini ya pua yangu. "Mama, nusa."

Nikanusa. "Maji."

"Nusa tena."

"Shaaban, usinichezee. Maji."

Sijui nani alianza, nadhani ni Warda. Alinivuta mtandio wangu, akanifunga macho, akasema nitulie. Nilisikia kisu kwenye ubao. Kitu kikaletwa puani. "Hiki nini, mwenzangu?"

"Hakuna kitu."

"Kitunguu saumu," sauti ya Shaaban ikasema, na haikuwa sauti ya kugombeza tena. Kikaja kingine. Nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Nikabahatisha, nikasema maji ya mvua. Yalikuwa mafuta ya taa.

Nikasikia Warda anakimbia kwake na kurudi. Halafu kimya kirefu. Nikangoja, nikangoja.

"Mmeondoka?" nikauliza. "Mbona mmenyamaza?"

Nikaondolewa mtandio, nikafungua macho. Warda alikuwa amening'iniza mbele ya pua yangu, karibu kunigusa, kipande cha papa mkavu. Papa yule wa kuwafanya abiria wa basi wadai kushushwa. Shaaban alikuwa ameziba pua kwa mikono miwili.

Sixbert, ambaye hakujaliwa kunyamaza, akasema polepole, "E3."

Hakuna aliyecheka. Kisha nikacheka mimi. Nilianza kidogo, nikashindwa kujizuia, nikashika meza.

"Mama," Shaaban akasema, "siku ile ya maharage."

"Sikuyasahau!" Nilipiga kelele, maana nami ilinijia wakati ule ule. "Shaaban, sikuyasahau yale maharage! Nilijua yako motoni, nilikuwa nayawaza muda wote. Nilikuwa nayangoja yanukie! Mimi tangu nizaliwe sijapika kwa saa, napika kwa pua. Maharage yakikaribia kukauka yananiita mwenyewe, naenda naongeza maji. Nikakaa pale nachambua mchele, nasema bado, hayajanukia, bado. Nikawa nangoja. Nikawa nangoja mpaka Warda akapiga kelele!"

Halafu nikalia. Nililia pale pale mbele ya fundi wa Nangurukuru, wala sikuona haya. Akili yangu ilikuwepo. Yote, nzima, mahali pake. Kilichokufa ni pua. Nimwone mtu mwingine duniani aliyeambiwa amefiwa na pua akasema alhamdulillahi mara tatu. Nikamkamata Shaaban mashavu nikamtajia wanawe wote, na siku walizozaliwa, na aliyezaliwa miguu mbele, na yule shangazi aliyemwaga mchuzi kwenye harusi yake akasingizia paka.

"Basi, mama, basi," alikuwa anasema, machozi yanamtiririka. Labda ni spiriti ya kwenye suruali.

"Na wewe!" nikamgeukia Warda. "Unakuja kwangu umeziba pua mwaka mzima, usiseme?"

"Nikuambie ubani wako unatuua? Ulivyo na ulimi huo?"

Nikamwambia achemshe chai.

Sixbert alingoja mpaka spiriti ikauke kabisa, akafungua madirisha yote, akalifunga sanduku. Safari hii maji nilichota mtungini, kila mtu akanusa kikombe kabla yangu kama watu wanaokagua sumu. Nikabonyeza picha. Likazunguka. Tukasimama wote wanne tunalitazama. Mvuke ukapanda kwenye kioo, likanguruma kidogo, likazima lenyewe, pii. Halikuandika kitu.

"Limesikia," nikasema.

"Limesikia," Shaaban akasema. "Basi hiyo ndiyo pua yako, mama. Usiizibe tena. Na wiki ijayo nakupeleka kwa daktari wa pua. Unakwenda, unatazamwa, unarudi."

"Narudi wapi?"

"Hapa, mama. Kwako."

Nilimwuliza mara mbili, akajibu mara mbili. Sharti la tatu nililiweka mimi, kwamba pikapu isirudi tupu na aibu yake, kwa hiyo Warda akapakia magunia ya nazi ya binti yake aliyeko Temeke. Sixbert akasaidia kubeba, anamweleza dereva jinsi alivyogundua tangu mwanzo kwamba tatizo lilikuwa pua. Mijusi hakuitaja.

Shaaban alipokuwa anaaga, dereva ameshawasha gari, nikamshika mkono pale mlangoni. Kulikuwa na jambo linanikereketa tangu niondolewe ule mtandio usoni, na sikutaka kumwuliza Warda.

"Simama hapo. Vuta pumzi. Nyumba yangu inanukaje?"

"Nzuri, mama."

"Usinidanganye. Mimi si mgonjwa."

Akafumba macho, akavuta pumzi taratibu. "Ubani kwanza. Ubani mwingi, mama, kwa kweli punguza. Halafu mchele. Halafu ukuta uliopata mvua." Akageuka upande wa chumbani. "Na baba."

"Baba yupi?"

"Baba. Lile koti lake kwenye msumari. Mafuta ya cherehani na ile tumbaku yake. Lina harufu vile vile, mama, kama kaingia sasa hivi. Kwani hukujua?"

Nikampungia mkono aende, gari linamngoja, njia ni ndefu.

Koti lile nilikuwa nalinusa kila asubuhi tangu Mfaume alipofariki. Mwaka juzi, asubuhi moja, nikakuta halina kitu. Nikalinusa kola, nikalinusa makwapa, nikaligeuza ndani nje. Hakuna. Nikajua na yeye ameondoka moja kwa moja, na hasira ikanipanda, nikalitolea maneno ambayo mke hamwambii mumewe. Tangu siku ile sikuligusa tena.

Niliingia ndani nikafunga mlango. Nikalitungua koti kutoka kwenye msumari, nikaketi nalo kitandani, nikaliomba radhi.